Wachezaji wanne, goblini wanne: uchambuzi wa kisa cha kuchagua mfumo wa kwanza wa mchezo wa kuigiza mezani

## Usuli

Kundi lilikuwa la watu watano. Wanne walikuwa wageni kabisa katika michezo ya kuigiza mezani, ambamo kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja wa hadithi, mtu mmoja huendesha hadithi na wapinzani, na kete huamua yasiyo na uhakika; seti ya kanuni za mchezo wa namna hiyo ndiyo huitwa mfumo. Wa tano, aliyejitolea kuendesha, alikuwa ameshacheza vikao vichache chini ya mtu mwingine, ila hakuwahi kukaa upande wa pili wa meza. Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Humu wachezaji wanaitwa kwa wahusika wao wa kwanza: Askari, Kuhani, Mwizi na Mchawi. Anayeendesha anaitwa Mwendeshaji.

Walikuwa na saa mbili na nusu kwa wiki, penseli, karatasi, na seti moja ya kete saba: ya pande 4, ya 6, ya 8, ya 12, ya 20, na mbili za pande 10 ambazo zikirushwa pamoja hutoa namba ya asilimia. Vitabu hawakuwa navyo wala hawakukusudia kununua. Hilo si tatizo kubwa kama wageni wengi wanavyodhani. Dungeons & Dragons toleo la 5 ina kanuni za msingi zinazopatikana bure, na Januari 2023 hati yake ya marejeo ilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kuitumia. Kanuni za Pathfinder toleo la 2 ziko wazi kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Cairn hupatikana bure, na maandishi ya Dungeon World nayo yana leseni huria. Mtu anaweza kusoma mifumo minne kabla ya kutoa senti.

Jambo moja halikufanyika mwanzoni, na lina uzito katika kisa hiki chote: hakuna aliyewauliza wachezaji wanapenda nini. Baadaye ilijulikana kwamba Askari alitaka mapigano, Kuhani alitaka kuongea na watu wa ndani ya hadithi, Mwizi alitaka kuchungulia kila chumba, na Mchawi alitaka kumjenga mhusika kipande kwa kipande na kumwona akikua.

## Chaguo la kwanza na vikao viwili vya mwanzo

Walichagua Dungeons & Dragons toleo la 5, kanuni za mwaka 2014, kwa sababu ndilo jina lililojulikana na wote. Sababu hiyo si ya kudharau. Mfumo unaochezwa na wengi una maelezo mengi, ramani tayari, na watu wengi wa kuulizwa pale kanuni inapokwama.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kutengeneza wahusika. Askari alimaliza kwa dakika arobaini hivi. Mchawi alichukua zaidi ya saa mbili, na ukihesabu maamuzi aliyopaswa kufanya huwezi kumlaumu. Achague asili na kazi ya mhusika. Agawe namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8 kwenye sifa sita. Achague stadi, historia na vifaa. Achague matamko matatu madogo ya uchawi yasiyokwisha, kisha matamko sita ya kuandika katika kitabu chake, kisha katika hayo sita achague manne ya kuandaa kwa siku hiyo (ngazi yake 1, ya kuanzia, kuongeza bonasi ya akili 3), na baada ya yote hayo aelewe kwamba ana nafasi mbili tu za kuyatumia kabla ya kulala. Kila uamuzi ulidai ajue jinsi mchezo unavyokwenda, na mchezo wenyewe alikuwa hajauona. Muda uliisha bila hata tukio moja kuchezwa.

Kikao cha pili kilifungua na shambulio la kuvizia njiani: goblini wanne (viumbe wadogo waovu wa hadithi) dhidi ya wahusika wanne wa ngazi ya 1. Mwendeshaji alipima ugumu kabla. Goblini mmoja ana alama 50 za uzoefu (anazopewa anayemshinda, na zinazotumika kupima ugumu), wanne ni 200, na kizingiti cha pambano la wastani kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1 ni 200 barabara. Kwa hesabu hiyo pambano lilikaa sawa.

Halikukaa sawa. Maadui wakiwa watatu hadi sita, kanuni hutaka jumla izidishwe mara mbili wakati wa kupima ugumu, kwa kuwa wengi wanaopiga kwa pamoja ni hatari kuliko jumla yao. Mara mbili ya 200 ni 400, na 400 ndicho kizingiti cha pambano la kuua kwa kundi lile lile. Mwendeshaji alikuwa amesoma jedwali akaruka aya iliyo chini yake.

Mchawi alikuwa na alama 8 za uhai na kiwango cha ulinzi 12, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate. Goblini huongeza 4 kwenye kete ya pande 20 anaporusha mshale, hivyo 8 au zaidi inampata: mara 13 kati ya 20. Mshale mmoja huumiza kete ya pande 6 kuongeza 2. Mishale miwili ilimwangusha katika raundi ya kwanza, kabla zamu yake haijafika. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kurusha kete moja kila zamu kuona kama anakufa au anashikilia. Goblini pia wanaruhusiwa kujificha au kuchomoka kwenye mapigano kila zamu bila kupoteza shambulio lao, na Mwendeshaji aliitumia ruhusa hiyo kila mara, kama ilivyoandikwa. Askari alitumia muda mwingi kumtafuta wa kupigana naye. Kuhani alikuwa ameandaa uponyaji unaohitaji kumgusa mgonjwa, naye alisimama mbali.

Raundi nne zilichukua karibu saa moja na nusu. Kundi lilinusurika kwa kukimbia, Mchawi akiwa amebebwa. Baada ya kikao, akipitia karatasi yake, Mchawi alikuta tamko la Usingizi miongoni mwa yale manne aliyoyaandaa. Tamko hilo hurushiwa kete tano za pande 8, na jumla yake ndiyo idadi ya alama za uhai zinazolazwa. Wastani wake ni 22 na nusu. Goblini mmoja ana 7, kwa hiyo zamu moja ya kawaida ingelaza watatu kati ya wanne. Jibu la pambano lote lilikuwa kwenye karatasi yake, katikati ya mistari mingine thelathini.

## Uamuzi wa kusimama

Baada ya kikao hicho Kuhani alisema hana hakika kama atarudi. Mwendeshaji hakuwabembeleza waendelee, wala hakukimbilia kubadilisha mfumo palepale. Alisimamisha mchezo, akaandika maswali matatu na kumwomba kila mmoja ayajibu kwa faragha: ni wakati gani ulifurahi, ni wakati gani ulichoka, na ungependa kufanya nini ambacho hukupata nafasi ya kukifanya?

Majibu ndiyo yaliyofichua tofauti zilizotajwa kwenye usuli. Yalionyesha pia kwamba hakuna aliyelalamikia kete wala hesabu. Walilalamikia kusubiri, na kutojua wanaruhusiwa kufanya nini.

Kisha akaandaa majaribio. Tukio moja, lichezwe katika mifumo mitatu, saa moja kila mfumo, wahusika wakiwa wameshatengenezwa na kuchapishwa. Tukio lilikuwa lango la mnara uliobomoka. Walinzi wawili, mmoja amelala na ufunguo kiunoni. Mlango wa chuma. Dirisha lililo wazi mita nne juu ya ardhi. Mlinzi aliye macho hajalipwa mshahara na ana hasira na bwana wake. Mpangilio huo ulikuwa wa makusudi: pana njia ya kupigana, ya kuongea, ya kunyemelea na ya kupanda, na kila mchezaji angeona mfumo unaishughulikiaje ile njia anayoipenda.

Katika kila jaribio Mwendeshaji aliandika mambo matatu: mchezo umesimama mara ngapi ili kutafuta kanuni, nani hakusema neno kwa dakika kumi mfululizo, na mchezaji alianza kwa kueleza anachofanya au kwa kuangalia karatasi.

## Majaribio matatu

Pathfinder toleo la 2. Mfumo huu wa mwaka 2019 una sifa ya uzito, na kwa kutengeneza mhusika sifa hiyo ni ya haki. Mezani, wahusika wakiwa tayari, mambo yalikuwa tofauti. Kila zamu una hatua tatu, basi. Kutembea ni hatua moja, kupiga ni hatua moja, kuchomoa silaha ni hatua moja. Askari alimwelewa mhusika wake ndani ya dakika tano. Upanga wake ulikuwa na +9 kwenye pigo la kwanza, ila pigo la pili katika zamu hiyo hiyo hupunguzwa 5 na la tatu hupunguzwa 10, yaani +9, +4, kisha -1. Zamu mbili alipiga mara tatu, na mara zote pigo la tatu likaenda hewani. Zamu iliyofuata, bila kuelekezwa na mtu, alipiga mara mbili na kwa hatua ya mwisho akainua ngao, akapata +2 ya ulinzi. Mfumo ulimfundisha mbinu kwa matokeo, na hilo ni jambo la kuheshimu sana katika mfumo wowote.

Mzigo ulijitokeza upande wa Mwendeshaji. Hali za wahusika ni nyingi, kila moja ina athari yake: aliyeanguka, aliyeingiwa na hofu ya kiwango fulani, aliyezubaishwa akapoteza 2 za ulinzi. Kuvuka kiwango cha ugumu kwa 10 au zaidi ni ushindi mkubwa, kukikosa kwa 10 ni anguko kubwa, kwa hiyo kila kete ina matokeo manne ya kukumbuka. Mchezo ulisimama mara nyingi, na aliyefungua kanuni kila mara alikuwa mtu mmoja. Mchawi aliomba abaki na karatasi ya mhusika aende kuisoma nyumbani.

Dungeon World. Mfumo wa 2012, kete mbili za pande 6: ukipata 10 au zaidi umefanikiwa, 7 hadi 9 umefanikiwa kwa gharama, 6 kushuka Mwendeshaji anasogeza mambo kwa ubaya wenu. Mwendeshaji harushi kete kabisa. Kanuni hazikutafutwa zaidi ya mara mbili, na Kuhani aliongea kuliko wote.

Tatizo lilikuwa pengine. Kwa mchezaji mwenye bonasi ya +1, ushindi safi huja mara 10 kati ya 36. Mara 26 zilizobaki Mwendeshaji lazima abuni kitu papo hapo, ama gharama ama balaa. Alianza vizuri: Mwizi alipanda dirishani, akapata 8, akafika juu lakini kamba ikabaki inaning'inia mbele ya mlinzi. Kufikia nusu saa gharama zilikuwa zimegeuka kuwa moja: "mlinzi amesikia sauti". Ilitokea mara nne. Mwendeshaji mzoefu ana ghala la gharama kichwani, naye alikuwa bado hajalijenga.

Cairn. Mfumo wa mwaka 2020, wa kurasa chache. Sifa ni tatu tu: nguvu, wepesi na utashi. Kukiwa na hatari unarusha kete ya pande 20, ukipata sawa na sifa yako au chini umepona. Hakuna kurusha kete ya kulenga: ukishambulia unampata, unarusha kete ya silaha, unatoa deraya ya adui, kinachobaki kinamla. Mkimshambulia mmoja watatu kwa pamoja, mnarusha kete zote na kuchukua iliyo kubwa peke yake. Mizigo ina nafasi kumi, na anayetumia kitabu cha uchawi huongezewa uchovu unaojaza nafasi moja.

Askari alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi. Alikuwa na alama 3 za ulinzi, ambazo katika Cairn huisha kabla nguvu haijaguswa, na nguvu 10. Mlinzi akampiga 6: tatu zikaisha hapo, tatu zikaingia kwenye nguvu, ikabaki 7. Sasa ilibidi arushe 7 au chini ili asianguke. Akapata 15. Mhusika akabaki akitambaa, na kanuni husema asipohudumiwa ndani ya saa moja anakufa. Meza ikanyamaza. Halafu Kuhani akamgeukia mlinzi na kumuuliza bwana wake anamlipa nini cha kumfanya aue watu usiku huu. Wakafungua lango bila pigo lingine. Mchezo ulisimama mara moja tu kutafuta kanuni.

## Uamuzi na sababu zake

Walichagua Cairn. Kura zilikuwa tatu kwa moja, Mchawi akitaka Pathfinder. Mwendeshaji hakupiga kura, lakini alisema wazi ni mfumo upi anaoweza kuuandaa kwa muda alio nao, na kauli yake ilikuwa na uzito kuliko kura. Ilistahili kuwa hivyo: mchezaji asiyependa mfumo hupunguza furaha ya meza, ila Mwendeshaji akichoka hakuna meza tena.

Sababu zilizoandikwa: mhusika mpya hutengenezwa kwa robo saa, kanuni zinaeleweka kwa kucheza, na tatizo lililotajwa na wote, la kusubiri, lilikuwa limepungua sana. Walikubaliana vikao sita kisha wajitathmini.

## Matokeo

Maandalizi ya Mwendeshaji yalishuka kutoka takriban saa tatu kwa kikao hadi chini ya saa moja. Katika kikao cha tatu mhusika wa Mwizi alikufa mtegoni. Kwa kuwa kutengeneza mwingine ni kurusha kete na kujaza mistari michache, alirejea mezani kikao hicho hicho kama mfungwa aliyekutwa chumba cha pili. Katika toleo la 5, kwa kasi waliyokuwa nayo, jioni yake ingeishia hapo.

Kufikia kikao cha sita Mchawi alikuwa amepoa. Cairn haina ngazi. Mhusika hukua kwa anachokiokota na kwa makovu, maana ukipigwa ulinzi ukafika sifuri kamili unarusha kete kwenye jedwali la makovu na huenda ukatoka tofauti na ulivyoingia. Kwa Mwizi hilo lilikuwa burudani. Kwa Mchawi, ambaye raha yake ilikuwa kupanga leo atakachoweza kufanya ngazi tatu mbele, meza haikuwa na kitu.

Suluhisho lilitoka kwake mwenyewe. Alikuwa ameshasoma kanuni za Pathfinder kwa wiki kadhaa, akaomba aendeshe kikao kimoja kwa mwezi. Anaendesha hadi sasa, kwa wahusika aliowatengeneza yeye. Askari hakosi hata kimoja. Kuhani huja vikao vya Cairn peke yake na ameeleza bila kinyongo kwamba hesabu za zamu zinamchosha.

## Uchambuzi

Kosa kubwa katika kisa hiki lilisomwa vibaya na kundi lenyewe. Waliondoka wakiamini toleo la 5 ni gumu mno kwa wageni. Pambano liliharibika kwa sababu ya kuzidisha kulikosahaulika. Goblini wawili wangekuwa alama 100, mara 1.5 kwa kuwa ni wawili, yaani 150: juu ya kizingiti cha pambano jepesi ambacho ni 100, chini ya la wastani. Mchawi angepata zamu, Usingizi ungeonekana kazi yake, na huenda kisa hiki kisingekuwapo. Kikao cha kutengeneza wahusika nacho kingefutwa kwa kutumia karatasi zilizokwisha kujazwa. Majaribio hayakuwa ya haki kwa mfumo huo, kwani ndio pekee ambao haukuchezwa langoni. Ukiujaribu mfumo kwa wahusika waliokwisha kutengenezwa, wape na wapinzani wake nafasi ile ile.

Tukio la lango lilifaulu kwa sababu lilishikilia kila kitu kingine mahali pamoja. Kusoma kanuni mbili na kuzilinganisha kwa idadi ya kurasa hakumwambii mgeni lolote la maana: Dungeon World ina kurasa nyingi kuliko Cairn lakini ilisimama karibu mara chache vile vile. Kilichowatofautisha kilikuwa ni nani anayebeba mzigo. Pathfinder huuweka mbele, kwenye karatasi ya mhusika, na katika kumbukumbu ya anayeendesha. Toleo la 5 huuweka kwenye kutengeneza mhusika, hasa mwenye uchawi. Dungeon World huuweka kwenye ubunifu wa papo hapo wa mtu mmoja. Cairn huuweka kwenye tahadhari ya wachezaji, kwa kuwa kanuni hazitawalinda. Hakuna kati ya hiyo inayouondoa, na anayesema mfumo fulani ni "mwepesi" inafaa aulizwe mwepesi kwa nani.

Lililofeli ndani ya jaribio la Cairn ni kwamba wachezaji hawakuambiwa kabla kwamba kila pigo linampata mtu. Askari aliumia kwa kucheza kama alivyozoezwa na kikao cha goblini. Ilitokea vizuri kwa sababu Kuhani aliokoa hali. Katika meza nyingine mtu angeondoka na kinyongo. Sentensi moja kabla ya kuanza ingetosha: humu mapigano hayana kukosa, tafuteni njia nyingine kwanza.

Maswali matatu yalikuja kwa kuchelewa. Yangeulizwa kabla ya kikao cha kwanza, kwa maneno tofauti kidogo kwa kuwa hapakuwa na kikao cha kukumbuka, raha ya Mchawi ingejulikana mapema na kundi lisingengoja hadi kikao cha sita kuona anapoa. Hata hivyo, kuuliza kwa faragha kulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote aliyofanya Mwendeshaji. Mezani, Kuhani angesema kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa anayetaka kulirudia jaribio hili: chapisha wahusika mmoja zaidi ya idadi ya wachezaji ili wa mwisho kuchagua bado awe na uchaguzi, weka kwenye karatasi mambo ambayo mhusika anaweza kufanya katika zamu na si kanuni zote zinazomhusu, mpe mwenye uchawi matamko mawili badala ya sita, na saa moja ikiisha simamisha hata kama mambo yamenoga. Mfumo unaochezwa wa mwisho huwa na faida ya wachezaji waliokwisha kuzoea lango, kwa hiyo badilisha jina la mlinzi, hamisha ufunguo, na mlinzi wa pili awe macho.